Mikono Miwili ya Mwambuyi

Harufu ya sabuni inanitapisha. Watu wakinisikia hivyo wanacheka, wanadhani natania, maana sabuni kwa kila mtu ni usafi, ni Jumapili asubuhi, ni mtoto aliyetoka kuoga. Basi waende wakainuse mahali inapopikwa. Wanuse mawese yaliyooza yanavyochemka ndani ya pipa lililokatwa nusu, soda kali, ile inayounguza ngozi, inavyomwagwa juu yake na kutoa mvuke unaochoma pua mpaka kichwani, kuni mbichi zinavyofuka chini, na jasho la wanawake waliosimama pale tangu jogoo wa kwanza. Harufu hiyo haina adabu. Inaingia kwenye nywele, inalala nawe kwenye shuka, asubuhi inaamka kabla yako. Inaingia hata ndani ya bukari, ugali wetu huu wa Katanga. Unamega tonge, unameza sabuni. Ukiniuliza utoto wangu una harufu gani, jibu ni hilo. Ndiyo maana hapa nyumbani mimi nanawa kwa majivu na ndimu, na wanangu wanajua: anayetaka kuoga kwa sabuni aoge, lakini asinikaribie kabla hajakauka.

Nitasimulia kipwa kimoja tu. Kipwa kwetu Lubumbashi ni majira ya ukavu na baridi, vumbi jekundu linapokaa juu ya kila kitu, na asubuhi watoto wanatoa moshi mdomoni kama wazee wa kiko. Shule zilikuwa zimefungwa. Nchi wakati ule ilikuwa na jina lingine, lakini Katuba ilikuwa Katuba hii hii: nyumba za matofali ya udongo, cherehani barazani, mafundi viatu, wanawake na meza zao za nyanya na chumvi. Tulikuwa watatu ndani ya vyumba viwili: mama, mimi, na dada yangu Mbuyi. Baba alikuwa amekwenda Mokambo, kule mpakani na Zambia, eti anunue unga aulete mjini. Unga ulikuja mara chache, kisha ukaacha kuja, na baba naye akaacha. Tulisikia amejenga huko huko, ameoa huko huko. Simtaji tena katika habari hii.

Mimi na Mbuyi tulizaliwa tumbo moja, siku moja. Yeye alitangulia, ndiyo maana akaitwa Mbuyi. Mimi nikafuata, nikaitwa Kabanga. Wazee wetu walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, na desturi za mapasa, ndivyo tunavyowaita pacha, walikuja nazo kichwani kama mtu anavyokuja na mbegu. Mapasa hawatenganishwi. Ukimpa mmoja ndizi, mpe na mwenziwe, ndizi ya ukubwa ule ule. Ukimchapa mmoja, mguse na wa pili, hata kwa kidole, asije akakasirika akarudi alikotoka. Maana pacha hafi, anarudi. Bibi yetu, aliyekuwa na shamba lake la mahindi Kasungami, hakutaka tuseme neno lingine. Na mama aliyezaa mapasa anapewa jina la heshima, Mwambuyi, na anayempa kitu humpa mara mbili. Mama yetu hakuwa na nguo ya maana wala viatu vya maana, lakini jina hilo alilivaa kama taji. Mwanamke wa sokoni asiyemjua kabisa, akisikia tu kwamba huyu ni Mwambuyi, alimwongezea fungu la pili la matembele bila kuombwa. Ni desturi nzuri. Hata leo nasema ni nzuri. Lakini hata maji ya kisima, ukiyatia ndani ya chombo cha soda, yatakuchoma koo.

Chombo chenyewe nitakitaja kwa jina, maana nimekula chumvi nyingi na simwogopi tena mtu: Patron Evariste. Ndiye aliyekuwa na karakana ya sabuni mwisho wa Katuba, nyuma ya ukuta uliopandwa vipande vya chupa juu. Usidhani alikuwa mtu wa kelele. Alikuwa mwembamba, mwenye shati jeupe na sauti ya chini, ambaye Jumapili alishika kitabu cha nyimbo kanisani na katikati ya juma alipita kati ya mapipa akiwauliza wanawake habari za watoto wao, mmoja mmoja, kwa majina. Sikuwahi kumsikia akimgombeza mtu. Hilo ndilo linalonichukiza kuliko yote, maana mtu anayekupiga unaweza kumwonyesha kidole, lakini huyu utamwonyesha nini? Alipomchukua mama kazini, alimwambia mbele ya wote kwamba yeye hakuja pale kama mfanyakazi, amekuja kama chef, yaani mkubwa wa kazi. Mama aliyekuwa amepika miaka nyumbani kwa watu, akila jikoni akiwa amesimama, leo anaitwa chef. Alipewa kitambaa cheupe cha kichwa, akapewa pipa lake na mwiko mrefu kama wa bukari ya matanga. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mama yangu alisifiwa, na maji akajitia mwenyewe, ndani ya damu yake.

Na kazi aliijua, sikatai. Sabuni ikishawekwa motoni haiachwi, lazima ikorogwe upande mmoja tu mpaka ikubali, na ukiiacha kidogo inakatika, mafuta huku na maji kule, na siku nzima imepotea. Mama alijua imeiva kwa kugusa tone kwa ncha ya ulimi. Ulimi ule ulikuwa mweupe, umeungua, hausikii tena chumvi. Alikuwa akitupikia mboga halafu anatuuliza mimi na Mbuyi kama imekolea. Tulicheka, watoto hawajui wanachokicheka. Mikono yake ilikuwa imeliwa na soda mpaka viwiko. Ngozi ilibanduka kama maganda ya kitunguu, na usiku aliipaka mafuta yale yale ya mawese, yaani kilichomchoma mchana ndicho kilichomtibu jioni. Lakini ukimwambia apumzike, alinyoosha shingo. Nani ataijua sabuni kama yeye? Alipenda kazi ile. Naliandika neno hili kwa uchungu, kwa sababu ndilo neno walilomtegea.

Sasa nifike kwenye desturi ya karakana. Mchana ukiisha, king'ora cha kiwanda kikubwa cha shaba kilikuwa kikilia mjini, na Katuba nzima ilijua kazi imekwisha. Wanaume walionekana njiani na baiskeli zao. Karakanani, king'ora kikilia, kapita, yaani msimamizi, alipanda juu ya sanduku la mbao. Huyu naye nitamtaja: Mama Véro. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye meno mazuri. Kutoka juu ya sanduku aliuliza kila siku swali lile lile: "Nani anabakia kwa mapendo yake?" Kwa mapendo yake, yaani kwa hiari, kwa kupenda mwenyewe. Na wanawake walinyanyua mikono. Aliyenyanyua alibaki mpaka sabuni ya mwisho imemwagwa kwenye visanduku, hata giza liingie. Aliyeuacha mkono chini alikwenda nyumbani, na nakuapia, hakuna aliyemshika kanga. Ila kesho yake alikuta mwiko wake mkononi mwa mwingine, yeye amepangiwa kubeba soda. Keshokutwa hakuna hata soda ya kubeba. Mtu akija kuuliza kama pale watu wanafanyishwa kazi kwa nguvu, Patron Evariste alifungua mlango wote wazi na kusema karibuni, ulizeni wenyewe. Na wenyewe waliulizwa, na wenyewe walijibu kwamba wamependa. Walionyanyua mkono walipewa kila jioni kipande cha makombo ya sabuni, yale yanayobaki kwenye waya wa kukatia. Kilikuwa na jina: kipande cha mapendo.

Mama alinyanyua mkono kama wenzake. Mpaka siku moja Mama Véro, katika kumgawia kipande chake, akakumbuka desturi. Akasema mbele ya wote kwamba wanamkosea Mwambuyi, kwamba mama wa mapasa hapewi kimoja, watakaribisha laana karakanani. Akampa viwili. Wanawake wakapiga vigelegele, na mama alirudi nyumbani siku ile akitembea kama bibi arusi. Kesho yake, king'ora kilipolia na mikono iliponyanyuka, Mama Véro akamtazama, akacheka na kumwambia: anayepokea kwa miwili, anyanyue miwili. Wote wakacheka, mama naye akacheka, akanyanyua yote miwili. Basi akapewa pipa la pili. Kuanzia siku hiyo alikoroga hapa, anakimbia kule, anarudi hapa, mwiko huu na mwiko ule, na kila jioni king'ora kikilia wenzake walimwimbia: mikono mbili, mikono mbili. Mzaha, unaona? Heshima ya mapasa, kitu cha mababu, walikigeuza kongwa, na aliyevikwa akacheka pamoja nao. Hapo ndipo panaponitapisha kuliko soda.

Nyumbani tulikuwa na sabuni. Mama Yesu, sabuni tuliyokuwa nayo! Vipande vya kahawia juu ya kabati, chini ya kitanda, ndani ya sufuria isiyokuwa na cha kupikwa. Huwezi kuviuza, kwa sababu kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na mwanamke wake karakanani na rundo lake mwenyewe. Mimi na Mbuyi tulivipanga kama matofali, tukajenga nyumba, tukajenga kanisa, tukajenga karakana yenyewe na Mama Véro wa kipande kifupi kinene. Mbuyi alikuwa hodari wa kumwiga. Alipanda juu ya stuli, akatoa tumbo mbele, na kuniuliza ni nani anayebakia kwa mapendo yake; nami nilinyanyua mikono yote na mguu mmoja, tukaanguka kwa kicheko. Tulikuwa watoto safi kuliko wote wa Katuba. Tulinuka sabuni na njaa.

Katikati ya kipwa hicho Mbuyi akaugua tumbo. Ilianza usiku, kuhara na kutapika, na asubuhi macho yake yalikuwa yameingia ndani kidogo. Mama alimpa maji ya wali, akampapasa paji, akasema ni baridi imemwingia. Dispensari ya masista ilikuwa wazi mchana kutwa na ilifungwa muda mfupi baada ya king'ora; lakini sista hakupokea mtoto asiyeletwa na mzazi wake, kwa sababu watu walikuwa wakiwaacha watoto pale na kupotea. Mama angeweza kumpeleka asubuhi ile. Alisimama mlangoni akiwa amefunga kitambaa chake cheupe, akitazama huku na kule, na nadhani mapipa mawili yalikuwa yakimwita jina. Kisha akainama kwa Mbuyi na kumwambia: "Leo mikono yangu itabakia chini. King'ora ikilia tu, minakuja, tunaenda kwa masista." Mbuyi akamuuliza kama ni yote miwili. Mama akasema yote miwili. Dada yangu alicheka kidogo, akalala.

Kufikia mchana hakuwa anacheka tena. Alikuwa haongei, na ngozi ya mkono wake nikiivuta ilibaki imesimama kama kitambaa. Nilimwita jirani yetu Mama Sidonie, mjane mzee wa miguu mibovu, akaja kukaa naye, akaniambia nikimbie. Nilikimbia. Mlinzi wa karakana hakunifungulia. Alisema moto ukiwa unawaka mtoto haingii, ningoje king'ora, si kimekaribia? Kweli kilikuwa kimekaribia. Nikangoja mlangoni nimeshika vyuma, nikimwona mama kule ndani katikati ya moshi, akienda na kurudi kati ya mapipa yake mawili kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Siku hiyo Patron Evariste alikuwepo, amekaa kwenye kiti chake kivulini, maana kulikuwa na mfanyabiashara aliyekuja kuchukua mzigo mkubwa. King'ora kikalia. Mlango ukafunguliwa. Mama Véro akapanda juu ya sanduku lake, akauliza swali lake, na mikono ikanyanyuka kama majani ya mahindi.

Mama aliniona. Tulitazamana, na alielewa bila mimi kusema neno. Mikono yake ilikuwa chini, ameishika pamoja mbele ya kanga. Mama Véro akasubiri. Kisha akasema, kwa utamu kabisa: "Na weye, Mwambuyi? Hakuna mwenye anakulazimisha, unajua. Lakini chungu yako ya pili tumwage?" Mama akasema mtoto wake anaumwa, lazima amfikishe kwa masista. Mama Véro akajibu kwamba wote pale wana watoto, na kwamba mkono mmoja haulei mwana, sasa yeye mwenye miwili analalamika nini? Watu wakacheka. Mwanamke wa pipa la jirani akasema kwamba Mwambuyi akienda, wao ndio watakaochomwa na mapipa yake. Mwingine, sijui nani, akaanza kule nyuma: mikono mbili, mikono mbili. Wakaitika. Si kwa ubaya, waliimba kama walivyoimba kila siku, huku wakipiga miiko kwenye mapipa. Na mama bado alikuwa ameishika mikono yake chini. Nilijua anakuja. Tayari nilikuwa nimegeuka nusu kwa mbio. Ndipo Patron Evariste akazungumza kutoka kwenye kiti chake, polepole, bila hata kusimama: "Mumuache aende. Kila muntu na mapendo yake. Chef mwengine atapatikana."

Wimbo ulikatika. Nilisikia moto tu. Kisha nikaona mkono wa mama yangu ukinyanyuka, na wa pili ukaufuata. Hakunitazama wakati akiinyanyua. Baadaye alikuja mpaka mlangoni, akanishika bega kwa vidole vyake vilivyokuwa vya moto, akaniambia nimpe dada yangu maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, yeye atafanya haraka. Mlango ukafungwa. Nyuma ya ukuta wakaanza sala ya jioni, kama kawaida, kushukuru kwa kazi.

Nilimpa maji. Yalitoka kama yalivyoingia. Mama alikuja jua limekwisha kuzama, masista walikuwa wamefunga, akamfunga Mbuyi mgongoni na kwenda naye kwa miguu mpaka hospitali ya mjini. Mbuyi alirudi njiani, mgongoni mwa mama yake. Mama hakujua, aliendelea kutembea na kumsemesha. Walimwambia kule, alipomfungua.

Kwenye matanga Patron Evariste alituma sabuni. Makatoni mawili, maana mama wa mapasa hapewi moja. Mama Véro aliyaleta mwenyewe kichwani, akilia machozi ya kweli, na alipopewa nafasi ya kusema, aliwaambia waliofiwa wote kwamba Mwambuyi ni mfano, kwamba siku ile ya msiba alibaki kazini kwa mapendo yake, hakuna aliyemlazimisha, wote ni mashahidi. Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni na heshima. Mama alikuwa amekaa chini ukutani, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Dada yangu alioshwa kwa sabuni ile. Na kwa kuwa afanyiwacho pacha mmoja hufanyiwa mwenziwe pia, bibi aliyekuwa amefika kutoka Kasungami alinivua nguo, akaniosha wakati ule ule, kwa kipande kile kile, ili mwenzangu asinivute. Povu lilitoka kwake likaja kwangu. Nilikuwa na miaka tisa. Watu wanaoniuliza kwa nini nanawa kwa majivu, jibu hilo hapo, wachukue.

Ungedhani baada ya hapo mama aliiacha karakana. Alirudi matanga yalipovunjwa. Siku ya kwanza tu, nilisikia baadaye, king'ora kilipolia alinyanyua mikono yote miwili kabla ya kuulizwa, na hakuna aliyeimba. Lakini nguvu zilikuwa zimemtoka, pipa la pili likawa linakatika. Shule zilipofunguliwa Mama Véro alikuja nyumbani kwetu na shauri la huruma: kwa nini Kabanga asije kushika mwiko ule, asaidie mama yake? Patron amekubali. Nilikwenda. Darasa la nne niliishia mlangoni. Jioni ya kwanza, aliponiona nimesimama kwenye pipa la mama na mkono wangu juu, kapita huyo akafurahi sana, akasema sasa Mwambuyi ana mikono minne. Nilikaa pale mpaka nilipoolewa. Mama alikaa mpaka vidole vyake vilipojifunga vyenyewe kama makucha ya kuku aliyechinjwa. Mwisho wa maisha yake nilimlisha kwa kijiko, nikimwambia mimi kama mboga imekolea.

Leo ukipita pale hutaona karakana. Kuna kanisa la mahema na vipaza sauti, na harufu imekwisha, labda kwangu tu bado ipo. Patron Evariste alikufa mzee, kitandani, akiimbiwa na kwaya. Barabara nzima ilifungwa kwa ajili yake, na watu walisema ametoa kazi kwa wajane. Mama Véro bado yu hai. Anakaa barazani kwake, meno yamekwisha, na nikipita ananiita mwanangu. Simwitikii. Watu wananiambia nisamehe, kwamba zamani ilikuwa zamani, watu hawakujua haki zao, siku hizi mambo ni tofauti. Nilitaka kuwaamini. Nilikuwa na sababu: binti yangu amesoma. Mwiko hakuushika hata siku moja, nililihakikisha hilo kwa meno. Ana shahada ya chuo kikuu, ana ofisi yenye baridi ya mashine, katika kampuni inayotengeneza magari makubwa ya migodini. Anaondoka jua halijatoka, anarudi sahani zimeoshwa. Macho mekundu, simu mkononi, hata chooni anaingia nayo. Nikimwambia apumzike, ananyoosha shingo, shingo ile ile. "Ni carrière, maman, njia ya kupanda kazini. Mi mwenyewe njo nilichagua." Habari ya mama yangu anaijua yote, nimemsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasikitika, kisha akasema kaku wake, yaani bibi yake, angeweza kuuacha mkono chini, kwamba mwisho wa yote alichagua. Kuna maneno yakikupiga unabaki unatafuta yametoka upande gani.

Jumapili iliyopita alikuwa hapa, tunakula. Bukari, samaki, matembele. Simu yake ilikuwa mezani kando ya sahani, akaifuta mafuta ya kidole, akaandika kitu, akairudisha. Punde ikaanza kutetemeka. Nikaona kwenye kioo mikono midogo ya manjano ikitokea, mmoja chini ya mwingine, kila mmoja umenyanyuliwa. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni watu wa kazini kwake, kuna gari la mgodi lazima litoke kesho asubuhi, anauliza nani anaweza kuja leo mchana, na anayeweza anatuma mkono. Nikauliza nani anauliza. "Njo mimi, maman. Tangu mwezi uliopita niko chef wa équipe." Mkubwa wa kikosi kizima. Alisema kwa furaha, alikuwa akinitunzia habari hiyo. Mikono ikaendelea kupanda. Alihesabu kwa macho, akasema bado mmoja, mama fulani mwenye mtoto mchanga anayenyonya, kila Jumapili anachelewa kujibu huyu. Akaandika tena, akitabasamu, akanisomea alichoandika: tunakungoja weye tu. Tukaendelea kula. Kisha simu ikatetemeka, akaitazama, akacheka, akanigeuzia nione. Yule mama alikuwa ametuma mikono miwili.

Nilirudisha tonge sahanini. Nilimwambia amwandikie yule mama abaki na mtoto wake. Binti yangu alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa anayempenda, akanishika mkono, na mkono wake ulinukia sabuni nzuri, ya maua, ya bei.

"Lakini maman," akasema, "hakuna mwenye alimulazimisha."

Nimewataja Patron Evariste na Mama Véro, na sikuogopa. Huyu wa tatu nilimbeba mwenyewe tumboni. Anaitwa Mbuyi, nilimpa jina la dada yangu.